Injini Iliyoanza Kugonga Baada ya Idi

Mara ya kwanza kuisikia ile sauti nilimlaumu jogoo. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, tunarudi kutoka Budondo kuwasalimu wakwe zangu, na jogoo waliyetupa alikuwa amelala ndani ya buti, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Tulipofika pale vumbi linapoanza kupungua nikasikia ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama mdomo unaodonoa debe. Nilisimamisha gari kando, nikazima injini, nikaenda kufungua buti. Nilimtazama jogoo. Jogoo alinitazama.

"Mbona amenyamaza?" nilisema.

Mke wangu, ambaye anafundisha hesabu na kwa hiyo hapendi kurudia maelezo, alijibu bila kushuka. "Umezima injini, kelele imekoma. Jogoo hujamzima."

Nilirudi nikawasha. Ko-ko-ko. Ilitoka mbele, chini ya boneti, na nikikanyaga mafuta nayo iliongeza mwendo, utadhani tunashindana. Tuliingia Jinja kwa mwendo wa maiti, mimi nimeinamia usukani nikisikiliza, mke wangu akiwapungia mkono watu waliotupita kwa baiskeli.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, lina rangi ya chai yenye maziwa mengi, na umri wake unazidi wangu kwa miaka michache. Nililirithi kwa baba yangu, aliyekuwa karani katika kiwanda cha nguo hapa Jinja kabla ya kustaafu na kuhamia Nabuyonga, Mbale. Nyumbani tunaliita Mfaransa tu. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja huku wakiwa askari kutoka Sudan, wakabaki, wakatuachia dini, kahawa yenye tangawizi na Kiswahili. Hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi, nacho kina matokeo yake. Nikifungua mdomo sokoni, mtu wa makamo husimama wima na kuniita afande, ilhali mimi nilisomea historia chuo kikuu, ninafundisha historia, na mlinzi wa lango la shule yetu ananitisha mpaka leo.

Ili msomaji aelewe kwa nini sauti ile ilininyima usingizi, lazima nieleze kikao cha Nabuyonga. Mwezi wa Shaabani tulikaa kwa mama kupanga harusi ya binti wa kaka yangu mkubwa. Kaka anauza vifaa vya ujenzi na anaendesha gari la Kijapani lisilotoa sauti yoyote, kiasi kwamba mara mbili ameliacha likiwaka usiku kucha. Katikati ya mipango ya mchele na hema akatoa habari kwamba amempata mtu wa kulinunua gari la baba. Mtu huyo ana hoteli yenye bustani kule chini ya mlima. Alitaka kulipandisha juu ya majani, aondoe boneti, ajaze udongo mahali pa injini, na kupanda maua. Wageni wangepigia picha.

Nilisema mambo mengi kuhusu urithi na kumbukumbu. Nilizungumza vizuri, nilikuwa karibu kutaja vitabu. Kaka alingoja nimalize, akauliza, "Mara ya mwisho kulileta Mbale ilikuwa lini?"

Mama ndiye aliyekata shauri. Ana umri mkubwa, macho yamepungua, lakini hukumu zake bado zinatoka zikiwa zimenyooka. "Siku ya harusi ya mjukuu wangu," alisema, "gari lije hapa kwa miguu yake. Likifika, haliuzwi, na bibi harusi atapanda humo. Likivutwa kwa kamba kama mbuzi, bwana wa maua alichukue." Kaka alikubali. Nami nilikubali upesi kuliko yeye, kwa sababu wakati ule Mfaransa alikuwa mzima kama kijana wa jeshi.

Sasa harusi ilikuwa siku kumi na mbili mbele, Ramadhani imekwisha, na kijana wa jeshi alikuwa anagonga.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Bugembe, kwa fundi wangu wa siku zote, ambaye gereji yake ni kipande cha ardhi kando ya barabara kuu, kina mafuta meusi chini na turubai juu. Bugembe injini haiumwi peke yake. Kabla sijazima, watu sita walikuwa wamelizunguka gari, na angalau wanne hawakuwa na uhusiano wowote na gereji.

"Liache liwake, afande," fundi alisema. Aliinama, akafumba jicho moja. Sijawahi kuelewa jicho linasaidiaje kusikia. "Beringi," alisema.

"Una hakika?"

"Afande, mimi na beringi tumeoana."

Muuza chapati aliyekuwa amesimama na unga mikononi alitikisa kichwa. "Si beringi. Ni petroli. Siku hizi wanaichanganya na maji."

"Maji hayagongi," alisema mwenye bodaboda.

"Yakiwa mengi yanagonga."

Mama mmoja muuza nyanya aliangalia kwa muda, akasema kwa huruma, "Hilo limechoka tu. Mwacheni mzee wa watu apumzike."

Fundi aliwapuuza, akanionyesha kipimo chake. Kila pistoni, alieleza, ina mkono unaoishika kwenye kranki, kile chuma kinachozunguka chini ya injini, na kati ya mkono na kranki kuna beringi. Beringi ikilegea, mkono unapiga. Basi ukikata moto wa pistoni yenye ubovu, kwa kuchomoa waya wa plagi yake, pigo linapungua, nawe unajua ni ipi. Maelezo yalikuwa safi, na nilijisikia fahari kumwelewa. Alichomoa waya wa kwanza. Injini ilitetemeka, lakini ko-ko-ko haikubadilika. Akarudisha, akachomoa wa pili. Vilevile. Wa tatu. Wa nne.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona nini? Haikupungua hata mara moja."

"Ndiyo hivyo, afande. Zimekufa zote nne."

Waliotuzunguka walinung'unika kwa masikitiko, kama watu waliofika matangani. Fundi aliweka mkono begani kwangu. Alisema vipuri vya gari hilo havipo Uganda, labda havipo tena hata kwa Wafaransa wenyewe. Kilichobaki ni kuitoa injini na kuweka ya Kijapani. Alikuwa nayo moja, chini ya turubai.

"Halafu litakuwa gari gani?" niliuliza.

"Litakuwa gari linalofika Mbale."

Nilimwambia nitafikiri. Msomi akisema atafikiri maana yake ni kwamba anakwenda kusoma. Baba aliacha kitabu cha gari lile, kwa Kifaransa, lugha ambayo naijua kiasi cha kuagiza mkate. Nilitafuta kamusi, nikakaa mezani siku tatu. Niligundua kwamba injini inaweza kugonga kwa sababu kumi na moja, na kwamba Mfaransa wetu alikuwa na dalili za zote kumi na moja, kama inavyokuwa mtu akisoma kitabu cha daktari. Nilibadilisha petroli kumridhisha muuza chapati. Nilimwaga mafuta ya injini nikatia mazito zaidi, kwa sababu ukurasa mmoja ulionekana kusema hivyo. Mwanzo lilikuwa likigonga kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Baada ya matibabu yangu liligonga kama mgambo.

Kaka alipiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia. Bugembe na Mbale ni mbali kwa barabara tu.

"Nimeongea na bwana wa hoteli," alisema kwa sauti tamu. "Anauliza ungependa maua ya rangi gani."

"Gari litafika."

"Nami nakuombea. Nimeshanunua kamba, ngumu, ya nailoni. Nikikufuata pale njiani Iganga utanishukuru."

Zilibaki siku sita. Mke wangu alinikuta mezani nikitafsiri ukurasa ambao baadaye ulithibitika kuwa ni wa taa za nyuma. Alikifunga kitabu taratibu.

"Kwa nini usiende kwa yule Singasinga mzee?"

"Amestaafu."

"Na wewe si fundi. Afadhali fundi aliyestaafu kuliko asiye fundi aliye kazini."

Huyo mzee anakaa katika mtaa wa zamani wa Wahindi, katika nyumba yenye baraza pana na nguzo zilizobanduka rangi. Ukoo wake ulikuwa ukitengeneza mitambo ya viwanda. Aliondoka akiwa kijana, miaka ile Wahindi walipofukuzwa, akarudi na ndevu nyeupe, akaikuta karakana nyuma ya nyumba ikiwa imejaa mbuzi wa watu. Aliwatoa mbuzi, akaanza upya. Sasa hapokei kazi, isipokuwa ya magari yaliyowazidi umri watoto wake. Mfaransa alifaulu mtihani huo bila shida.

Nilimkuta barazani na chai. Nilianza kumweleza: beringi nne, sababu kumi na moja, mnato wa mafuta. Alinyanyua mkono.

"Mwalimu, wewe nasema sana. Wacha gari iseme."

Niliwasha. Hakufumba jicho. Aliingia ndani akarudi na mpini wa ufagio, akaweka ncha moja juu ya injini na nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, chini tu ya kilemba. Alisikiliza juu. "Hapa salama." Akahamisha ubavuni. "Hapa salama pia." Kisha akauteremsha mpini chini kabisa, akachutama kwa kujishika goti, na pale akakaa muda mrefu. Niliuona uso wake ukibadilika polepole, ukawa wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

"Zima," alisema. "Ilianza lini?"

"Siku ya pili ya Idi."

"Siku ya kwanza je?"

"Siku ya kwanza halikutoka. Nililishusha tu."

"Kushusha? Toka wapi?"

Hapo nikaona fursa ya kueleza jambo ninalolipenda. Nilimwambia kwamba baba alikuwa na desturi. Kila mwandamo wa Ramadhani alilipandisha gari juu ya stuli nne fupi za mvule alizochongesha makusudi, magurudumu yaning'inie, nalo likae hivyo mwezi mzima. Tukifunga sisi, alisema, nalo lifunge. Msikitini tulikwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, na tulipotaka kulalamika alitujibu kwamba Mfaransa halalamiki. Majirani walicheka, lakini matairi yake yalidumu kuliko ya mtu yeyote mtaani. Tangu afariki nimeiendeleza desturi hiyo bila kukosa mwaka. Nilisema haya kwa sauti yangu ya darasani, na nadhani nilitumia neno turathi.

Mzee alikunywa chai. "Stuli nne bado iko?"

"Mbili. Nyingine mchwa walizila mwaka huu."

"Mbili uliweka nyuma."

"Ndiyo, chini ya ekseli, kama baba."

"Na mbele?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, maana niliona fahari nalo. Nilimweleza kwamba kitu hakihitaji miguu minne ili kisimame. Jiko la mama lina mafiga matatu na sufuria haijawahi kuanguka. Kwa hiyo nyuma niliweka stuli mbili, na mbele nikaweka tegemeo moja katikati. Na kwa kuwa injini ndiyo sehemu nzito kuliko zote, nilifikiri, hiyo ndiyo inayohitaji kushikwa, basi tegemeo nililiweka moja kwa moja chini ya injini.

Kikombe kilirudi kwenye kisahani. "Tegemeo gani?"

"Kinu."

"Kinu namna gani?"

"Cha mti. Kidogo, cha kutwangia kahawa. Nilikipindua."

Mzee aligeukia mlango akamwita mkewe kwa lugha yao. Mama huyo alitoka akijifuta mikono kwa ncha ya mtandio. "Rudia," mzee aliniambia. "Yeye pia asikie."

Nilirudia. Mkewe hakucheka, aliketi kwenye ngazi, akaficha uso ndani ya mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Baadaye nilitandikiwa gunia na kupewa tochi, nikaingia chini ya gari kwa mgongo. Mzee alibaki amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, nikiona viatu vyake tu.

"Unaona nini?"

"Naona sampu." Nilikuwa nimeijua katika kitabu: lile bakuli la bati nene lililofungwa chini ya injini, ambamo mafuta hukaa.

"Tako lake iko sawa?"

"Limeingia ndani. Kuna bonde."

"Umbo gani?"

"Duara."

"Kubwa kama nini?"

Kulikuwa na siafu mmoja akipita karibu na pua yangu, nikampa nafasi apite.

"Kama kinu," nilisema.

Ndani ya lile bakuli, mzee alinieleza nilipotoka, kranki inazunguka karibu sana na chini, nafasi ya kidole tu. Mimi nilikuwa nimelaza uzito wa nusu ya gari juu ya tako la bakuli kwa siku thelathini, likasukumwa ndani, na tangu Idi kila mzunguko mkono wa pistoni ulikuwa ukiligusa bati na kupita. Ndiyo maana kuchomoa nyaya hakukubadilisha kitu: moto uwepo usiwepo, kranki inazunguka, na bati liko palepale. Kisha akaacha kutabasamu. Karibu na hapo, alisema, kuna chujio linalonyonya mafuta na kuyapeleka juu. Lilikuwa limebakiwa na upenyo kidogo. Kwa safari ya mjini lingehimili. Kwa safari ya Mbale mafuta yangekosa njia, na beringi zote nne zingekufa kweli, mahali fulani katikati ya mashamba ya mpunga.

"Bugembe walikuwa na haki," nilisema.

"Walikuwa mapema tu," alisema mzee.

Kazi ilichukua asubuhi mbili, na alinifanya msaidizi, nadhani ili aendelee kuniangalia. Tulimwaga yale mafuta mazito niliyoyasomea. Tuliinyanyua injini kidogo kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya karakana, kwa kuwa sampu isingepita juu ya chuma cha mbele bila hivyo, tukafungua nati moja moja huku mzee akizihesabu ndani ya kopo. Bakuli liliposhuka tulikuta ndani yake mstari unaong'aa kama sarafu mpya, pale chuma kilipokuwa kikibusu chuma. Mzee aliingiza mkono, akaishika mikono ya pistoni mmoja baada ya mwingine, akaisukuma na kuivuta. Hakuna uliocheza.

"Baba yako alitunza hii," alisema. Hakuongeza chochote kunihusu mimi, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Sampu tuliilaza juu ya mfuko wa mchanga, akanipa nyundo ya mti. "Gonga toka ndani. Pole pole. Gonga kama unaamsha mgeni."

Pigo langu la kwanza liliangukia mchangani. La pili lilimwamsha mgeni, mwenyeji na majirani. Mzee aliipokea nyundo, akagonga mwenyewe, duara kwa duara kutoka ukingoni kwenda katikati, na bonde likapanda kidogo kidogo mpaka bati likalingana na rula aliyoiweka juu yake. Alikata gasketi mpya, ile ya kuziba mafuta yasivuje, kutoka kwenye karatasi ya gome la vizibo, matundu ya nati akiyatoboa kwa kugongagonga tu na kichwa cha nyundo ndogo juu ya ukingo. Tulifunga, tukateremsha injini, tukatia mafuta aliyochagua yeye. Kisha akaniambia niwashe.

Nilizungusha ufunguo. Nikazungusha tena.

"Acha," mzee alipaza sauti. "Inawaka. Wewe nasaga stata."

Kweli lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimeizoea ile sauti kiasi kwamba bila yake nilidhani hakuna kitu. Niliketi nikisikiliza mngurumo mdogo wa kawaida, nao ulikuwa uleule wa asubuhi za utoto wangu, baba akilipasha moto kabla ya kazi, sisi tukitafuta soksi.

Kumweleza mke wangu kulikuwa kugumu kuliko kumweleza mzee. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye kinu.

"Kinu cha kahawa," alisema.

"Ndiyo."

"Alichonipa mama yako nilipoolewa. Kinu nilichokitafuta mwezi mzima, nikamwomba jirani chake kila magharibi, wewe umekaa mkekani unasema kahawa ya leo ina ladha ya vitunguu."

"Nilikuwa nimesahau."

"Ulikuwa unalipita hilo gari kila siku kwenda msikitini."

Hilo lilikuwa kweli, na sina la kuongeza.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala ya alfajiri. Bugembe nilisimama, kwa ushamba tu, ili fundi wangu asikie. Aliinama, akafumba jicho lake. "Nani amekuwekea beringi?" aliuliza.

"Hakuna. Ni zilezile."

Alifikiri. "Basi zimepona," alisema, na muuza chapati akasema si aliwaambia ni petroli.

Tangu hapo sikufungua redio wala kufunga dirisha. Iganga tulipita, tukaishika barabara ya Tirinyi, mpunga ukiwa kijani pande zote na maji yakimetameta chini ya daraja, na kila mara lori lilipotupita nilibana pumzi mpaka nirudishiwe sauti ya injini yangu. Mke wangu alilala. Alipofumbua macho, ukuta wa mwamba wa Wanale ulikuwa umesimama mbele yetu na maporomoko yake membamba kama nyuzi. "Tumefika kwa miguu," alisema, akalala tena.

Kaka alikuwa ameketi langoni Nabuyonga, na juu ya boneti ya gari lake la Kijapani palikuwa na bunda la kamba ya bluu. Alisimama. Alizunguka mbele ya Mfaransa, akatega sikio kwenye matundu ya mbele, akanyanyuka.

"Umeweka injini ya Kijapani?"

"Fungua uangalie."

Alifungua. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akagusa kifuniko cha betri, kile baba alichokifunga kwa waya wa shaba. Aliichukua kamba yake akaenda kuifungia hema la harusi.

Mama alihukumu palepale, bila kuinuka kwenye mkeka. "Limekuja lenyewe. Haliuzwi." Shangazi zangu walipiga vigelegele, bibi harusi akaja kunishika mikono akisema, "Baba mdogo, umeniokoa. Nilishaambiwa nitapanda gari la mizigo la baba." Nilikuwa nimeshinda. Mtu mwenye akili angekula chakula chake akanyamaza.

Lakini mimi napenda hadithi nzuri, na hii ilikuwa nzuri, na sahani zilikuwa bado zimejaa. Nikawahadithia yote: jogoo, jicho la fundi, ukurasa wa taa za nyuma, mafiga matatu, kinu. Nilimwigiza Singasinga akimwita mkewe. Shangazi mmoja alipaliwa na wali. Kaka alicheka mpaka akaegemea nguzo ya hema. Ni mama peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa akipangusa vidole, kimoja kimoja.

"Baba yenu mbele aliweka stuli wapi?" aliuliza.

"Chini ya chasisi, kwenye mifupa ya gari. Kulia na kushoto."

"Ulimwona?"

"Miaka yote, mama."

"Na wewe ukaweka chini ya tumbo."

"Nilifikiri…"

"Najua ulifikiri." Alimgeukia kaka. "Gari litakaa hapa. Kwako."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Lakini mama, yeye ndiye aliyetaka kuliuza."

"Alitaka kuliuza likiwa zima," mama alisema. "Wewe ulitaka kulitunza, na tazama."

Nilimwangalia kaka nikitumaini atakataa. Angekataa wiki moja nyuma. Sasa aliinamisha kichwa na kusema "Kama mama anavyoona," kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake, na mkono wake ulikuwa tayari umefunguka kupokea ufunguo.

Siku ya Jumamosi hakumruhusu mtu mwingine kuliendesha. Alimchukua bintiye kutoka nyumbani hadi ukumbini kwa njia ndefu kuliko zote, wakapita sokoni, wakapita mbele ya hoteli yenye bustani, na sheikh akangoja. Nilifuata nyuma katika gari la Kijapani, kwenye ukimya wake, nikiangalia ekzosi ya Mfaransa ikitoa moshi mwembamba safi, usio na kasoro yoyote ambayo ningeweza kuitumia.

Jumapili alitupeleka stendi ya mabasi. Mama alitaka kutusindikiza, akaketi mbele. Mimi na mke wangu tulikaa nyuma, mahali ambapo sikuwa nimekaa tangu shule ya msingi. Magoti yangu hayakuenea. Kwenye mnara wa saa gari lilizima katikati ya barabara. Kaka akawasha, likakohoa, likazima tena. Nyuma yetu honi zilianza.

"Vuta choki kidogo," nilisema. "Likiwa baridi linataka petroli zaidi…"

"Nyamaza," mama alisema bila kugeuka.

Kaka alijifanya anakuna goti, na nikauona mkono wake ukipita chini ya usukani na kuivuta choki, kidogo tu. Liliwaka.